Chungu bila tundu: tunasifu kazi ao tunasifu takataka?



Niko na ua moja lililokufa na leo nataka kusema habari zake. Halikufa kwa jua, wala halikukosa maji. Lilikufa sababu maji yalikuwa mengi na hayakuwa na njia ya kutoka. Lilikuwa ndani ya chungu kilichokatwa katika bidoni ya mafuta ya kupikia ya lita 5, kikapakwa rangi ya bluu na manjano, kikazungushiwa kamba ya gunia. Kila mtu aliyekiona alisema: "Kizuri!" Mimi pia nilisema hivyo, tena nikaongeza neno "ubunifu". Wiki tatu baadaye mizizi ilikuwa imeoza.

Chungu hicho kilitoka katika formasio moja hapa Bukavu, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wafundishaji. Nilikuwa nimemaliza lisansi ya agronomia, sina kazi, na kikundi fulani kilitafuta kijana wa kusema juu ya maua na bustani. Siku tatu, bamama ishirini hivi, chupa na sashe zilizookotwa kando ya ziwa, makasi, brashi na rangi. Siku ya pili mama mmoja anayeuza mboga Kadutu aliinua bidoni yake, akaiangalia chini, akaniuliza: "Mutoto wangu agronomu, hii maji itatokeaka wapi?"

Jibu nililijua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa agronomia analijua. Lakini wageni wa proje walikuwa wanakuja kesho yake, rangi ilikuwa bado mbichi, na mkubwa wa formasio hakutaka mtu aanze kutoboa toboa plastiki ikapasuka mbele ya picha. Nikamjibu: "Mama, tutatoboa kisha." Hatukutoboa. Picha zilipigwa, vyungu vikapangwa kwenye meza, kila mtu akapewa sertifika. Ile siku nilirudi nyumbani na chungu kimoja mkononi na bahasha mfukoni.

Ninaanza na kosa langu sababu ninayotaka kukosoa leo ni kazi ambayo wengi wetu tunaipenda: sanaa na ufundi unaotengenezwa na vitu vilivyotupwa. Tunaona kiti cha matairi, pazia la vifuniko vya Primus, kikapu cha sashe, na mara moja mdomo unasema "bravo". Tunasifu kabla ya kuangalia. Ninaona kwamba sifa hii ya haraka inaharibu kazi yenyewe, na wanaolipa ni bamama na vijana tuliowaambia kwamba watakula kwa mikono yao.

Kwanza, tuache kusema kwamba ni kitu kipya

Angalia nyumbani kwenu. Mbabula ambayo mama anapikia maharage imetengenezwa na bati la pipa kuukuu. Fundi ameikata kwa patasi, ameikunja kwa nyundo, ametoboa matundu ya hewa chini. Chukudu za Goma zimefungwa mipira ya gari iliyozeeka kwenye magurudumu ya mbao, juu ya njia za mawe ya volkano. Kuna viatu vya tairi ambavyo baba zetu walivaa kwenda shamba. Sisi wenyewe tulicheza mpira wa sashe na kamba, na magari ya nyaya na mikebe ya sardini.

Hakuna mfadhili aliyekuja kufundisha fundi wa mbabula. Hakuna aliyemuita msanii, na hakuomba. Lakini kazi yake inapita kwenye mtihani kila asubuhi: ikikosa matundu, makaa hayawaki, ikiwa na miguu mibaya, sufuria inaanguka na watoto wanalala njaa. Mama hanunui mbabula kwa sababu imetoka kwenye takataka. Ananunua kwa sababu inapika. Akiona mbaya, anaenda kwa fundi wa pili.

Hii njo tofauti ya kwanza. Ufundi wa mtaa unahukumiwa na mwenye kuutumia. Ufundi wa formasio unahukumiwa na mwenye kuupiga picha. Chungu changu kilifaulu kwenye picha. Mbele ya ua kilianguka.

Pili, tuangalie wale waliofaulu kweli

Nchi yetu haikosi mifano mikubwa. Nitachukua mitatu, na ninakiri mapema kwamba mingi ya kazi hizi nimeziona katika simu tu. Ziko Kinshasa ao Ulaya ao Marekani, na kutoka Bukavu kwenda Kinshasa mwanafunzi anahitaji tiketi ya ndege ambayo hana. Hiyo nayo ni aibu, lakini tuendelee.

Mfano wa kwanza ni Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga na kufariki 2015. Alitengeneza miji midogo ya kuweka mezani: maghorofa, viwanja, hoteli, vituo vya gari moshi. Vifaa vyake ni kartoni, karatasi, pakiti za bidhaa, mikebe ya soda, vifuniko vya chupa. Mwaka 1994 alijenga kijiji chake mwenyewe kama mji mkubwa wa kesho. Mwaka 1996 akamaliza "Ville Fantôme". Mwaka 2018 MoMA ya New York ilimfanyia maonyesho makubwa.

Angalia vizuri picha ya mji wake mmoja. Kwa dakika ya kwanza huoni kartoni. Unaona balkoni, rangi, ngazi, nyota juu ya paa. Makato ni safi kama ya mashine. Ni mpaka usogee karibu njo unatambua kwamba ile nguzo ni kitu cha dukani. Kingelez haombi umuhurumie kwa sababu ya kifaa. Kabla ya kuwa msanii wa kujulikana alifanya kazi ya kutengeneza vitu vilivyoharibika kwenye makumbusho ya taifa kule Kinshasa, na ule mkono wa subira unaonekana. Tena kuna jambo linalonigusa: mji uliojengwa na vitu vya kutupa, na ndani yake hakuna takataka hata moja barabarani. Alichukua uchafu wa mji aliokaa ndani yake akajenga mji aliotamani. Kifaa na maana vinaongea pamoja, bila kelele.

Mfano wa pili ni Freddy Tsimba, aliyezaliwa Kinshasa 1967. Huyu anafanya kinyume. Hataki usahau kifaa, anataka kikuumize. Anaunganisha kwa moto vijiko, funguo na maganda ya risasi mpaka yanakuwa miili ya watu, mara nyingi wanawake, mara nyingi wenye mimba. Sanamu yake "Porteuse de vie" iliwekwa Paris, kwenye jumba la Chaillot, mwaka 2018. Sasa jiulize: kama mwanamke yule mwenye mimba angefanywa kwa udongo, angesema kitu kilekile? Hapana. Ganda la risasi ni alama ya risasi iliyokwisha kutoka. Mahali fulani ilienda. Na sisi wa Mashariki hatuhitaji maelezo marefu juu ya risasi zinaenda wapi. Kufanya tumbo la mama na vitu vile ni neno zito, na neno lile haliwezi kusemwa na kifaa kingine.

Mfano wa tatu ni muziki. Konono N°1 walichukua likembe, wakaitafutia sauti ya umeme kwa sumaku zilizotolewa kwenye vyuma vya gari, na album yao "Congotronics" ya 2004 ikazunguka dunia. Staff Benda Bilili, wanamuziki wa barabara za Kinshasa, wengi wao walemavu wa polio, walikuwa na kijana Roger Landu aliyepiga satonge: mkebe mmoja, kipande cha mti kilichopindwa, waya mmoja. Album "Très Très Fort" ilitoka 2009. Hapa hakuna ujanja. Waya mmoja ukikazwa vibaya, kila mtu anasikia. Sikio halijali kama mkebe uliokotwa ao ulinunuliwa. Roger alifanya mazoezi mpaka mkebe ukaimba.

Ukiangalia hawa watu wote, utaona hakuna aliyesimamia kwenye neno "takataka" kama fimbo ya kilema. Kwa mmoja kifaa kinapotea ndani ya kazi. Kwa mwingine kifaa njo ujumbe. Kwa wengine kifaa lazima kitoe sauti sawa. Kazi nyingi tunazoonyeshwa hapa katika maonyesho ya vijana haziko katika njia yoyote ya hizi. Chupa inabaki chupa iliyopakwa rangi. Haijasahaulika, haijasema kitu, haijafanya kazi ya kitu.

Tatu, bidoni si takataka

Hapa nataka kuongea kama mtu wa Bukavu. Siku ya pili ya formasio yetu, bidoni zilizookotwa ziliisha. Unajua tulifanya nini? Tulituma kijana sokoni kununua bidoni tupu. Bamama waliangaliana wakacheka. Sababu kila mtu hapa anajua kwamba bidoni ya lita 5 iko na bei: inabeba mawese, inabeba maji, inabeba kasiksi, na ikipasuka juu inakatwa kuwa kopo la kuchotea. Tulinunua kitu kizima chenye kazi, tukakikata, tukakipaka rangi, tukaandika kwenye kitambaa kwamba tunapunguza takataka.

Takataka ya kweli ni ile ambayo hakuna mtu anaitaka hata bure: sashe nyembamba iliyochanika, chupa ndogo ya maji iliyobanwa na gari, pakiti ya biskuti, kipande cha sponji. Hizo njo zinashuka na mvua kutoka Kadutu, zinapita mto Kawa, zinaingia ziwani, kisha zinafuata maji mpaka Ruzizi na kukaba mitambo ya umeme. Mji unakosa umeme, na wafanyakazi wanaingia majini kutoa uchafu. Nchi iko na amri ya tarehe 30 desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Ng'ambo ya mto, Rwanda ilizikataza tangu 2008. Sisi tunaendelea kufungiwa nyanya mbili katika sashe mbili.

Kwa hiyo, msanii anayechagua kifaa kigumu, kile kisicho na soko, huyo anastahili tumsikilize zaidi. Hapa hapa Bukavu kuna Plastycor ya Nicole Menemene, ambao wanasuka vikapu, viti na vyungu vya maua kwa chupa za plastiki zinazookotwa. Kusuka ni kazi nyingine kabisa na kupaka rangi. Chupa inakatwa kuwa nyuzi, nyuzi zinavutwa sawa, kitu kinapata umbo na nguvu ya kubeba mtu. Unaweza kupenda ao kutopenda rangi zake, lakini kuna kitu cha kuhukumu: mshono, uzito, miguu. Kiti kinajibu ukikikalia.

Tena tusidanganyane. Hata mafundi wote wa mji wakifanya usiku na mchana, hawatamaliza plastiki ya ziwa Kivu. Kuiachia sanaa kazi ya serikali, ya kampuni na ya kila nyumba ni kumuonea msanii. Na mimi wa agronomia ninaongeza: sehemu kubwa ya uchafu wa nyumba zetu ni maganda ya ndizi, majani ya sombe, mabaki ya jikoni. Huo ungekuwa mbolea. Hakuna mtu anaupiga picha sababu haupakwi rangi.

Nne, jibu kwa wanaosema "muwaache, ni masikini"

Rafiki mmoja nilimuonyesha mawazo haya akaniambia: "Weye uko mukali sana. Bale bamama banajaribu. Juu ya nini unabakosoa?"

Ninasikia. Na kuna ukweli mmoja sitaki kuuficha: zile siku tatu zilikuwa na furaha. Bamama waliimba, walitaniana, mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi alianza kusimulia habari za mume wake. Kukaa pamoja na kufanya kitu kwa mikono kunaponya, hilo nililiona. Kama formasio ingesema "tunakuja kukaa pamoja na kucheza na rangi", nisingekuwa na neno.

Lakini hatukusema hivyo. Tuliwaambia watauza. Mama aliacha meza yake ya mboga siku tatu, na siku tatu bila kuuza ni siku tatu bila karo ya mtoto. Tuliwatuma sokoni na chungu kinachoua ua. Mnunuzi wa kwanza ananunua kwa huruma, wa pili kwa kumfuata wa kwanza, wa tatu hayuko. Huruma haina mteja wa kurudi. Kumuambia mama "kizuri" wakati unajua maji hayana njia si heshima. Ni kumuona kama mtoto. Heshima ingekuwa kumjibu pale pale: "Mama, umeona vizuri. Tusimamishe, tutoboe."

Na yeye njo alikuwa mkosoaji wa kweli katika chumba kile, pasipo lisansi. Aliuliza swali moja lililogusa kazi nzima. Mimi mwenye diplome nilimnyamazisha.

Sasa tuangalie na macho gani?

Sitaki kumaliza kwa kulalamika tu, basi nitasema ninavyoangalia siku hizi nikiitwa kwenye maonyesho.

Ninauliza kwanza: toa neno "takataka" kwenye karatasi ya bei, kitu hiki bado kinasimama? Kama kikapu kingekuwa cha majani, ningekinunua? Kama jibu ni hapana, kazi haijaisha.

Kisha ninauliza kwa nini kifaa hiki na si kingine. Tsimba ana jibu. Fundi wa mbabula ana jibu: bati linavumilia moto. Mtu aliyetengeneza ua la chupa kwa sababu tu chupa zilikuwa nyingi, bado hajajibu.

Tena ninauliza kitakuwa nini baada ya misimu miwili. Plastiki inayokaa juani inakauka, inavunjika vipande vidogo, vipande vinaingia udongoni na hakuna mkono unaoweza kuviokota tena. Chupa nzima kando ya ziwa unaweza kuiokota. Chupa iliyopasuka ndani ya bustani ya mboga imekushinda. Ukiipaka rangi, hata anayenunua plastiki ya kuyeyusha anaikataa. Mara nyingine "kuokoa" takataka ni kuiahirisha na kuifanya mbaya zaidi.

Na kwa wenye vyungu, nipeni ruhusa nifanye kazi yangu niliyoshindwa kuifanya siku ile. Mzizi unapumua. Maji yakijaza nafasi zote za hewa katika udongo, mzizi unakosa oksijeni, unadhoofika, na kuvu wa kuozesha wanaingia. Sashe nyeusi za pepinieri zina matundu kwa sababu hiyo. Toboa matundu manne ao matano chini kwa msumari wa moto, kabla ya rangi. Usitumie chupa inayopitisha mwanga: ndani yake udongo unaota ukijani na unapata joto kali. Ni dakika tano za kazi, na ua linaishi.

Mwezi uliopita nilipita Kadutu nikamkuta yule mama. Nilitaka kumuomba musamaha, na sikujua nianzie wapi. Nikamuuliza tu kama chungu chake bado kiko. Akacheka. "Ile rangi yenu nilitoa na sabuni ya moto na kisu. Nikatoboa. Nikapandamo seleri." Iko mlangoni pake, bidoni ya manjano ya kawaida, haina kamba wala bluu. Anakata majani mawili matatu kila asubuhi, anafunga pamoja na nyanya, anauza. Nilimuuliza juu ya nini alitoa rangi. Akasema: "Batu banaogopa kula kitu ya mu rangi."

Alikuwa amefanya ukosoaji wote huu kwa kisu, bila maneno elfu mbili.

Wasomi wenzangu, wengi kati yenu mtaitwa kesho kufundisha formasio kama ile. Bahasha mtaichukua, siwakatazi, maisha ni magumu kwetu wote. Lakini mama akiinua kazi yake na kuuliza maji yatatokea wapi, musimujibu "kisha". Wekeni brashi chini, mutafute msumari.